Baharia kwa Rangi za Maji: Uanze na Demuth au na Burra?

Kama unataka kujifunza kumchora baharia kwa rangi za maji, na hasa yule baharia ambaye wachoraji waliopenda wanaume wenzao walimfanya mhusika wao mkuu kati ya vita viwili vya dunia, walimu wa kuwategemea ni wawili: Charles Demuth wa Marekani na Edward Burra wa Uingereza. Wote wawili waliandamwa na maradhi, wote waliipenda karatasi, na wote walikuwa wakichora mabaharia karibu na mwaka 1930. Kufanana kwao kunaishia hapo. Kwa Demuth utajifunza kuacha. Kwa Burra utajifunza kujaza. Mkono unaofundishwa yote mawili kwa mpigo hukosa yote, kwa hiyo ni lazima umteue wa kuanza naye.

Yupo wa tatu, Paul Cadmus, ambaye kila anayezungumzia mabaharia katika sanaa ya aina hii humtaja kwanza. Nitamgusa, ingawa umaarufu wake hautokani na rangi za maji, kwa sababu yaliyomkuta yanaonyesha karatasi ilikuwa na faida gani.

Kwa nini baharia, na si askari au polisi?

Askari wa nchi kavu hulala kambini, na mji unaoizunguka kambi unamjua. Baharia hushuka na mshahara mfukoni, hajulikani na mtu, na keshokutwa meli inang'oa nanga. Ametoka kuishi kwa muda mrefu na wanaume peke yao, kitanda kwa kitanda. Kwa mwanamume aliyetafuta mwenzake katika mji uliokuwa ukimwinda, mgeni wa namna hiyo alikuwa na hatari yake, lakini pia alikuwa na nafuu yake: hatabaki mtaani kusimulia.

Halafu kuna sare. Suruali ya baharia wa Marekani wa wakati ule ilikuwa ya sufu ya buluu iliyokolea, imebana kiunoni na mapajani, chini pana, ile tuliyokuja kuiita bugaluu. Mbele haikuwa na zipu bali kipande cha kitambaa kilichofungwa kwa vifungo 13. Juu kuna shati lenye ukosi mpana wa mraba unaoangukia mgongoni, na kichwani kofia nyeupe ya duara. Ni vazi la kazi, lakini linaonyesha umbo kuliko suti yoyote ya mjini, na mtu aliyemkazia macho barabarani angeweza kusema anajivunia jeshi la nchi yake.

Hatari yenyewe haikuwa ya kufikirika. Mwaka 1919, kule Newport katika jimbo la Rhode Island, jeshi la majini la Marekani liliwatuma vijana wake wenyewe wajifanye wanatafuta mapenzi ili wawanase wanaume wengine, mabaharia na raia. Kashfa ilipolipuka, kamati ya Baraza la Seneti iliilaani operesheni hiyo mwaka 1921, na miongoni mwa walioguswa na lawama alikuwa Franklin Roosevelt, aliyekuwa naibu waziri wa jeshi la majini kabla ya kuwa rais. Uingereza nako, sheria iliyolegeza adhabu mwaka 1967 iliwaacha nje wanajeshi, na pia mabaharia wa meli za biashara wakiwa melini na wenzao. Yaani mtu aliyechorwa kuliko wote ndiye aliyesubiri kuliko wote.

Katika mazingira hayo karatasi ilikuwa rafiki. Hukauka upesi, huingia kwenye jalada, jalada huingia kwenye droo. Turubai la mita moja huwezi kulificha mgeni akipiga hodi.

Demuth: mstari mwembamba na karatasi iliyoachwa

Demuth alizaliwa 1883 huko Lancaster, Pennsylvania, mji ambako familia yake ilikuwa na duka la tumbaku. Alichechemea tangu utotoni na alitembea na fimbo. Baadaye kisukari kilimshika, akawa miongoni mwa Wamarekani wa mwanzo kutibiwa kwa insulini, na akafariki 1935. Umma unamjua kwa picha za mafuta za viwanda na maghala, na kwa ile picha ya namba 5 ya dhahabu ya mwaka 1928 iliyoko New York. Kazi zake za mabaharia ni upande mwingine kabisa wa mtu huyo.

Picha ya kuanza nayo ni *Dancing Sailors* ya 1917, iliyoko katika Makumbusho ya Sanaa ya Cleveland. Mwaka huo Marekani iliingia vitani na miji ya bandari ikajaa sare. Ndani ya picha watu wanacheza dansi: yupo baharia aliyemkumbatia mwanamke, na wapo mabaharia waliokumbatiana wao kwa wao. Hakuna kinachotangazwa. Hakuna mshale unaokuelekeza utazame wapi. Miili yote imepindwa kwa mdundo mmoja, na jicho linapita kutoka jozi moja hadi nyingine kabla hujajua umeona nini.

Miaka 13 baadaye alifika mbali zaidi. *Distinguished Air* ya 1930, iliyoko katika makumbusho ya Whitney, New York, ni karatasi ya takribani sentimita 41 kwa 31, ndogo kuliko ukurasa wa gazeti. Ni ufunguzi wa maonyesho ya sanaa. Katikati, juu ya kiweko, kuna sanamu ya mchongaji Constantin Brancusi iitwayo *Princess X*, ileile iliyoondolewa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1920 kwa madai kwamba inafanana na uume. Mbele ya sanamu baharia na mwanamume mwingine wamesimama wameshikana. Kando yupo mwanamume mwenye fimbo, na huyo sanamu wala haimshughulishi, anamtazama baharia. Wengi humwona Demuth mwenyewe katika mtu yule wa fimbo, nami sioni sababu ya kuwapinga. Kichekesho cha picha kiko katika macho: kila mmoja amekuja kutazama sanaa, na mmoja tu ndiye anayekiri anachotazama.

Picha nyingine za mwaka huohuo, za mabaharia walio ufukweni au wanaojisaidia haja ndogo, hazikukusudiwa ukuta wa mtu yeyote. Zilizunguka kwa marafiki. Alipofariki, picha zake za mafuta alimwachia mchoraji Georgia O'Keeffe, na zile za rangi za maji zikaenda kwa rafiki yake wa muda mrefu, Robert Locher. Mgawanyo huo peke yake unaeleza mengi.

Sasa tuje kwenye mkono wake, maana ndio unaotuhusu. Demuth huanza na penseli, mstari mwembamba unaotangatanga, hauogopi kukatika. Mstari huo haufuti. Kisha rangi yenye maji mengi, na hapa ndipo penye siri: hajazi hadi kwenye mstari. Rangi inaishia kabla ya kufika, au inavuka kidogo, na kati ya penseli na rangi panabaki uwazi mweupe unaofanya mwili uonekane unapumua. Rangi ikiwa bado mbichi, anaifyonza kwa karatasi ya kukaushia wino au kitambaa, hivyo inabaki na madoadoa na kingo zilizochanika, nyeusi hapa, karibu na maji matupu pale.

Jaribu hili ulione. Chora kiuno cha baharia kutoka mbavuni hadi gotini kwa mstari mmoja bila kuinua penseli. Lowesha brashi kwa buluu iliyokolea, anzia kwenye nyonga, shuka hadi nusu ya paja, kisha gandamiza tishu mara moja tu katikati ya paja. Pale ulipogandamiza panakuwa na mwanga, na paja linapata unene bila kivuli hata kimoja. Kofia usiipake chochote. Chora duara lake, weka kijivu chepesi upande mmoja chini ya ukingo, basi. Weupe wa kofia ni karatasi yenyewe. Ukijaribu kuuongeza kwa rangi nyeupe, umeshatoka shule ya Demuth.

Ubaya wake nao usemwe. Mkono huu hausamehe. Ukifyonza mara ya pili mahali palepale, karatasi inatoa manyoya na buluu inageuka tope. Na unataka karatasi nzuri ya pamba, ya gramu 300 kwa mita ya mraba; ile ya daftari la michoro la shuleni itajikunja kabla hujamaliza mguu mmoja. Rangi chache zinatosha, lakini karatasi itakula pesa.

Burra: baa imejaa, na kila mtu ana nia yake

Edward Burra alizaliwa London 1905 na akaishi sehemu kubwa ya maisha yake karibu na Rye, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Ugonjwa wa baridi yabisi ulimvimbisha vidole tangu utoto, na kusimama mbele ya turubai kulimchosha. Kwa hiyo alikaa mezani, akalaza karatasi mbele yake, akachora kama mtu anayeandika barua. Picha ikihitaji nafasi zaidi, aliongeza karatasi nyingine pembeni na kuendelea. Ndiyo maana baadhi ya kazi zake ni kubwa kiasi ambacho hukitegemei kwa rangi za maji.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kwenda na marafiki kusini mwa Ufaransa, Toulon na Marseille, miji ya manowari na baa. Miongoni mwa marafiki zake alikuwa Frederick Ashton, mtunzi wa dansi za bale, na duara lao lilijaa wanaume waliopenda wanaume. Burra mwenyewe hakujitangaza kwa jina lolote, na hakupenda kuhojiwa. Alichofanya ni kutazama, akarudi nyumbani, akachora kwa kumbukumbu.

*Three Sailors at a Bar*, kazi ya karatasini ya 1930, ina kichwa cha habari kinachosema kila kitu na hakisemi lolote. Baharia wa Burra hana huzuni wala fahari. Ni mtu aliyevaa vizuri, anajua anatazamwa, na anapiga hesabu ya kinywaji kijacho atanunuliwa na nani. Ukitaka kuelewa jicho hilo, itazame pia *The Snack Bar* ya mwaka huohuo iliyoko katika makumbusho ya Tate, ingawa ile ni ya mafuta na haina baharia: muuzaji anakata nyama ya nguruwe iliyopikwa, mwanamke anakula mkate, na weupe-wekundu wa nyama ile hauko mbali na ule wa sura yake. Kila kitu kinalika. Mabaharia wake wanaishi katika ulimwengu huohuo.

Kimkono, Burra ni kinyume. Rangi zake za maji ni nzito, tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu akikuonyesha picha iliyochapishwa unaweza kuapa ni za mafuta. Kingo ni safi, zimekatwa kama kwa mkasi. Mwili wa baharia hujengwa kwa mviringo mmoja mmoja, shavu, bega, kalio, ngumi, kila mviringo una upande wenye mwanga na upande wenye giza. Hakuna pumzi kati ya mstari na rangi. Nafasi tupu huijaza: chupa, vioo, sigara, mkono wa mtu usiyemwona mwenyewe.

Faida yake kwa mwanafunzi ni kwamba anasamehe. Umekosea buluu? Subiri ikauke, weka nyingine iliyokolea zaidi. Karatasi ya bei ya kati inavumilia ukiibandika vizuri kwenye ubao. Lakini inakula rangi, na inakula muda. Mkao mmoja hautoshi. Halafu kuna mtego: wanaoanza na Burra hukimbilia vichekesho, wakachora mabaharia wenye midomo mikubwa na makalio makubwa, wakadhani wamemwelewa. Burra aliweza kutia chumvi kwa sababu alikuwa amemtazama mtu halisi kwanza, namna anavyoegemea kaunta kwa kiwiko kimoja huku uzito wote ukiwa mguu wa pili.

Cadmus, kwa ufupi

Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilikuwa ikiwalipa wasanii kwa mradi wa kuwapa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Cadmus, kijana wa miaka 29, alikabidhi *The Fleet's In!*: mabaharia walio likizoni kando ya ukuta wa Riverside Park, New York, wamelewa, wanawavuta wanawake. Upande mmoja raia aliyevaa suti na tai nyekundu anampa sigara mmoja wa vijana wa manowari. Tai nyekundu wakati ule ilikuwa ishara iliyojulikana kwa waliohusika. Admirali mstaafu Hugh Rodman aliiona picha, akaandika barua ya hasira, na picha ikaondolewa kwenye maonyesho ya jumba la sanaa la Corcoran mjini Washington hata kabla umma haujaiona vizuri. Ilikaa mafichoni mikononi mwa mkubwa wa jeshi la majini na kisha katika klabu ya faragha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Magazeti yalikuwa yameshaichapisha, naye Cadmus akatengeneza nakala ya kuchapa kwa bamba la metali ili iendelee kuonekana. Admirali alikuwa amempa umaarufu bila kukusudia.

Kama mwalimu wa utungaji, wa namna ya kupanga watu kumi na kuwasimulia wote, Cadmus anawazidi wale wawili. Kwa rangi za maji hatakusaidia sana. Tom of Finland, mchoraji wa Kifini wa wanaume wenye misuli na sare, naye watu humtaja hapa. Yule alikuwa bingwa wa penseli, na ukitaka penseli mfuate.

Tukiwaweka meza moja

Mchukue baharia mmoja, amesimama mlangoni mwa baa, mkono mmoja mfukoni. Demuth atakupa mgongo wake, ukosi ulioanguka, buluu iliyomwagika kidogo kwenye kisigino, na mlango wenyewe hautauona. Utaukisia kutokana na mistari miwili. Anayemtazama baharia atakuwa pembeni, mdogo, na wewe utakuwa umesimama nyuma yake. Burra atakupa uso, macho yaliyogeuzwa upande, na nyuma yake baa nzima, pamoja na mtu wa tatu anayewatazama wote wawili. Kwa Demuth hamu ni siri inayotunzwa kwa upole. Kwa Burra hamu ni biashara ya wazi, na kila mtu anachekwa, pamoja na mchoraji.

Mimi humshauri anayeanza aende kwa Demuth, hata kama moyo wake uko kwa Burra. Kisa ni kimoja: sare. Vazi la baharia ni mabapa mawili matatu makubwa ya rangi moja, na kofia nyeupe. Ni zoezi lililotengenezwa kwa ajili ya kujifunza wapi pa kuweka rangi na wapi pa kuacha. Ukiingia kwa Burra kabla ya kujua kuacha, utajaza kila kitu kwa uzito uleule na baharia wako atakuwa kinyago. Anayetoka kwenye mafuta au akriliki, huyo namwambia kinyume: aende kwa Burra moja kwa moja, mkono wake umeshazoea tabaka. Na kama unachora kwa ajili ya kusimulia, vitabu vya michoro kwa mfano, Demuth atakuchosha kwa ukimya wake.

Kwetu pwani kuna jambo la kuongeza. Wakazi wa Mombasa wa umri fulani wanakumbuka manowari za Marekani zikitia nanga Kilindini miaka ya 1980 na mji kujaa vijana wa sare, kwa hiyo baharia wa Cadmus si mgeni kabisa kwao. Lakini baharia wa jahazi havai sare. Ana kikoi, fulana iliyofifia kwa chumvi, pengine kofia. Hana yale mabapa ya buluu wala ukosi wa kukusaidia, na umbo linasomeka kwa mikunjo ya kitambaa tu. Hapo mbinu ya kufyonza ya Demuth inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia: pindo la kikoi lililolowa, ukiligandamiza tishu mara moja, linang'aa lenyewe. Mistari ya kikoi iweke mwisho, karatasi ikiwa imekauka kabisa, na usiifikishe yote mpaka ukingoni.

Kuhusu kuzipata picha zenyewe, Demuth anashinda bila ubishi. Makumbusho ya Cleveland yamefungua picha za kazi zisizo na hakimiliki, na *Dancing Sailors* unaweza kuipakua bure kwa ukubwa unaoonyesha mpaka nyuzi za penseli. Nyumba yake ya Lancaster nayo ni makumbusho. Burra alifariki 1976, kwa hiyo huko Uingereza kazi zake zitabaki chini ya hakimiliki hadi mwisho wa 2046; mtandaoni utakuta picha ndogo zenye ukungu, na kwa mchoraji wa tabaka nzito ukungu huo unaficha kila kitu. Tafuta kitabu cha maonyesho yake, hata cha mitumba, chenye kurasa pana. Bila hicho, usianze naye.